Kizibo cha Kuchuja Moshi

Jumamosi, 12 Novemba 1955

Leo nimefukuzwa katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, milango na madirisha nikayachonga mwenyewe, na aliyenifukuza hana hata jino moja. Ni Kristina, mjukuu wangu. Alizaliwa Julai, na tangu mvua zianze anakohoa. Mama yake, Tabea, alimpeleka jana kwa dresa wa zahanati ya Makambako, akarudi na chupa ya dawa na amri: mtoto asikae penye moshi wa namna yoyote. Tabea akiambiwa jambo hulitenda siku hiyo hiyo. Kufikia magharibi mafiga yalikuwa yamehamia jiko la nje, na nyumba imefagiliwa masizi mpaka darini. Tukabaki mimi na kiko changu.

Kwetu mkamwana hamkaripii baba mkwe wake, hata macho hamkazii. Kwa hiyo Tabea akiwa na neno langu hulipitishia kwa mtoto. Alimpakata Kristina, akakaa kunipa ubavu, akasema taratibu: "Kristina, mwombe babu akavutie tumbaku yake kwenye karakana. Na akiwa ananuka asikubebe." Kisha akampa ziwa, shauri likawa limekwisha.

Mwanangu Mika anafanya kazi Njombe kwenye kampuni ya miti ya miwati, kazi ya kubandua magome ya kutengenezea ngozi, na huja nyumbani Jumamosi. Nilimsubiri anitetee. Akatazama dari. Nimesomesha mtu, amekuja kujua kutazama dari.

Basi naandika haya nikiwa karakana, kati ya randa na maranda, mvua inapiga bati. Mazoea ya kuandika siku zangu niliyapata nilipokuwa seremala wa misheni, na leo nashukuru, maana karatasi haitazami dari.

Jumapili, 13 Novemba

Nimeacha tumbaku. Nimeiweka juu ya boriti, na ngazi nimeitoa nje.

Jumatano, 16 Novemba

Ngazi nimeirudisha. Nilikuwa nimekwisha kumtupia kuku nyundo, nikamwambia mchungaji mahubiri yake ni marefu, na mguu wa kiti nimeukata mfupi kuliko wenzake. Jirani yangu Gideoni, mzee mwenzangu, alinishauri nihamie kwenye ugoro kama yeye. Nilijaribu. Nilipiga chafya mpaka miwani ikaanguka kwenye sufuria ya gundi.

Ijumaa, 18 Novemba

Mvua. Tumepanda mahindi ya bonde la juu. Kristina alinicheka kupitia dirisha, nami nikiwa nje nimelowa, kiko kimezimika.

Jumatatu, 21 Novemba

Leo nimepata wazo, na ni wazo la useremala, si la kuokota.

Watu hudhani mti ni kitu kilichojaa. Si kweli. Mti una vijitundu vyembamba kutoka mizizini hadi majani, ndimo maji yanamopanda. Ukikata kipande kifupi kufuata urefu wa mti, ukapaka mate upande mmoja na kupuliza upande wa pili, utaona mapovu. Mimi nilifundishwa hivyo kujua ubao upi utakunywa rangi. Sasa najiuliza: kama pumzi inapita na uchafu ni mnene kuliko pumzi, kwa nini nisitie kizibo cha mti ndani ya shina la kiko, moshi upite na ubaya wake ubaki? Moshi ukiwa msafi, dresa atasema nini? Tabea atasema nini? Nitakaa kwenye kiti changu, nitavuta, na mjukuu wangu atakuwa mapajani.

Nimemweleza Gideoni. Amesema nitakufa nimeziba koo kwa kijiti. Huyo hata redio alipoisikia mara ya kwanza alitafuta mtu nyuma yake.

Jumanne, 29 Novemba

Mwati: moshi haupiti hata kidogo. Nilivuta mpaka macho yakataka kutoka.

Alhamisi, 1 Desemba

Mwanzi: moshi unapita mbio mno, hauachi kitu. Watu wameanza kukata mianzi kule mtoni, ulanzi, pombe ya mianzi, unadondoka. Gideoni amekuja na kibuyu chake, nikampa mwanzi wangu wa kiko autazame, akauliza kama nao unatoa pombe.

Jumamosi, 10 Desemba

Gunzi la mahindi: hapa sasa. Ule moyo mweupe katikati ya gunzi ni laini, unakatika kwa wembe, na unavuta unyevu vizuri. Moshi unapita ukiwa umepoa. Mika ameuvuta akasema ni laini. Mika kwa kawaida havuti, kwa hiyo alikohoa sana wakati akisema hivyo.

Jumatatu, 19 Desemba

Gunzi nimeliacha. Nimepata moyo wa bua la alizeti. Bua kavu la mwaka jana, ukilipasua, ndani kuna kitu cheupe chepesi kisicho na uzito kiganjani, na kimejaa vijumba vidogo ambavyo hata kwa miwani naviona kwa shida. Nimekata kipande cha urefu wa kucha, nikakilaza ndani ya shina la kiko.

Kipimo changu ni hiki. Navuta moshi wa kiko kisicho na kizibo, naupuliza kwa nguvu kwenye kitambaa cheupe: linatokea doa la kahawia, na linanata. Kisha natia kizibo, napuliza mahali pengine pa kitambaa. Leo doa halikutokea. Nilirudia. Halikutokea. Nilipochomoa kizibo kilikuwa cheusi upande wa tumbaku na cheupe upande wa mdomo.

Nilifurahi nikasahau kwamba kitambaa chenyewe ni kile cha kanisani.

Jumapili, 25 Desemba

Kristo amezaliwa. Tumekula wali na kuku. Baada ya ibada nilimpa Mika kitambaa amwonyeshe Tabea, doa upande huu, usafi upande ule. Tabea alikigeuza kwenye mwanga wa mlango muda mrefu, kisha akakipeleka puani. Akamwambia mtoto: "Kristina, mwambie babu macho yetu yameridhika ila pua bado inasikia tumbaku ile ile."

Nilitamani kukasirika, lakini ni kweli. Nami nilinusa. Rangi imekwenda, harufu imebaki. Kama harufu imepita kwenye kizibo changu, kuna nini kingine kimepita nayo kisichoonekana?

Jumanne, 3 Januari 1956

Nimetafuta shahidi asiye na upendeleo, nikampata kwenye ghala: fukusi, mdudu wa kutoboa punje. Mahindi ya mwaka jana yamejaa fukusi. Nimechukua chupa mbili safi, nikatia fukusi kila moja, nikapuliza moshi mtupu kwenye moja na moshi uliochujwa kwa alizeti kwenye nyingine, nikaziba. Wa moshi mtupu walilala miguu juu. Wa alizeti walitembea kidogo, wakayumba, nao wakalala miguu juu.

Basi ni hivyo. Moshi una mzigo wa aina mbili. Mmoja ni ule mweusi unaonata, na huo nimeukamata. Wa pili ni hewa tu, hauna rangi wala uzito, na ndio unaoua. Huo hupita kwenye vijumba vya alizeti bila hata kubisha hodi.

Nilikaa muda mrefu nikitazama chupa zile. Nimevuta tumbaku tangu ujana, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeiogopa kidogo. Kisha nikavuta, maana nilikuwa nimekasirika.

Jumamosi, 14 Januari

Nimekwenda Makambako kununua misumari. Njia panda kulikuwa na malori ya magome ya miwati yamekwama matopeni. Yoramu, dereva anayenibebeaga mbao, aliniita kwa sauti mbele ya watu wote, akasema habari za mzee Kefa na kizibo chake zimefika mpaka Njombe. Hiyo ni kazi ya Mika. Yoramu akanionyesha sigara mpya aliyopewa na Mgiriki mmoja: ina kichwa cheupe upande wa mdomo. Wazungu wamenitangulia.

Niliinunua kwa kubadilishana na misumari, nikaja nayo nyumbani imefungwa kwenye jani, nikapasua ncha tu ya kile kichwa kwa wembe. Ndani ni nyuzi nyeupe laini, zimelazwa kwa ustadi sana, kazi ya mashine. Nilipoichoma moshi wake ulikuwa laini na kitambaa kilikuwa safi. Nikawaita fukusi.

Fukusi walilala miguu juu.

Mungu anisamehe, niliimba mpaka Gideoni akaja kuuliza nani amepona.

Jumatatu, 23 Januari

Mvua ya usiku kucha. Chemchemi yetu imevamiwa na maji ya bondeni, na maji ya kunywa yananuka majani yaliyooza. Sina jingine la kuandika.

Jumanne, 24 Januari

Nimekosea, lipo la kuandika. Asubuhi nilikunywa maji nikitegemea uvundo, nisiusikie. Nikachungulia mtungini: chini kulikuwa na makaa, Tabea ameyafunga kwenye kitambaa. Nilimuuliza Mama Kristina ameyatoa wapi maarifa hayo. Akamjibu mtoto kwamba bibi zake wote wa kwao Kifanya hufanya hivyo masika, na mafuta yakichacha hutia kaa pia, ni jambo la kila siku jikoni.

Kaa linakamata harufu ndani ya maji! Na mimi nahangaika na harufu ndani ya moshi. Nilitoka bila kofia.

Jumamosi, 4 Februari

Nimechoma makaa ya kila namna ndani ya kopo la kakao lenye kitundu kimoja, hewa isiingie yasije yakawa majivu. Mwati unatoa kaa gumu na zito. Mwanzi unatoa kaa linalolia kama chungu ukiligonga. Alizeti inatoa kaa jepesi hata pumzi inalipeperusha. Nimeyatwanga, nikayachekecha, vumbi nikalitupa, nikabaki na chembe ndogo kama ulezi. Kizibo kipya kina ukuta wa alizeti mbele, chembe za kaa la mwanzi katikati, ukuta wa alizeti nyuma. Mbele hukamata ule weusi, katikati hukamata hewa mbaya, nyuma huzuia makaa yasije kinywani.

Jaribio la kwanza makaa yalikuja kinywani. Gideoni alikuwapo, kwa bahati mbaya.

Jumatano, 8 Februari

Fukusi wanatembea.

Alhamisi, 9 Februari

Bado wanatembea. Nimewapa punje ya mahindi kama asante.

Jumamosi, 11 Februari

Siku kubwa. Mika alikuja mapema, na Gideoni alijialika. Nilipanga chupa tatu kwenye meza ya karakana, Tabea akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nikapuliza moshi mtupu katika chupa ya kwanza, wa alizeti katika ya pili, wa kizibo kipya katika ya tatu. Mvua ilikuwa imepumzika. Katika chupa ya kwanza na ya pili vurugu ikaisha. Katika ya tatu fukusi mmoja alipanda kioo mpaka juu, akageuka, akashuka, mwenzake akamfuata.

Mika akaniuliza kama nimewahonga. Gideoni akaomba nimtengenezee kizibo cha ugoro. Na Tabea akafungua mbeleko, akamleta mtoto mbele, akasema: "Kristina, mkaribishe babu ndani. Mwambie aje na kiko chake."

Nilijifanya nimeingiwa na vumbi la makaa jichoni.

Jumapili, 12 Februari

Kiti changu. Kiko changu. Mjukuu wangu mapajani, mlango umefungwa, upepo wa Makambako unalia nje na haunihusu. Sina ombi jingine kwa Mungu wiki hii.

Jumatano, 15 Februari

Siku njema.

Jumamosi, 18 Februari

Siku njema. Kristina amenishika pua. Nami nimegundua kwamba kikohozi changu cha asubuhi, ambacho Gideoni hukitumia kuamkia, kimekwisha kabisa. Gideoni amechelewa shamba.

Ijumaa, 24 Februari

Mtoto amekohoa kidogo. Ni upepo.

Jumatatu, 27 Februari

Amekohoa tena. Nimebadilisha makaa ya kizibo, nikatia mapya. Pia nimeziba nyufa za dirisha kwa matambara ili baridi isiingie. Sasa nyumba haipitishi hata sindano.

Ijumaa, 2 Machi

Anakohoa usiku. Nimewaza ni viazi anavyokula mama yake. Nimewaza ni Gideoni na mafua yake, nikamkataza kuja. Nimebadilisha makaa kila siku. Ajabu ni kwamba mimi mwenye kuvuta nimepona, na yeye asiyevuta anaumwa.

Jumapili, 11 Machi

Naandika Njombe, kwenye benchi nje ya wodi ya hospitali. Nitaandika yote, maana kusema siwezi.

Juzi, Ijumaa, kulipokucha Tabea alikuja kuniamsha. Mtoto alikuwa amekataa ziwa. Alikuwa wa moto, na kila akivuta pumzi mbavu zake zilibonyea ndani. Mdomo ulikuwa umepoteza rangi. Nilimwangalia nikasahau hata kuomba. Mika alikuwa Njombe. Nilisema nitakwenda kutafuta gari barabarani, Tabea amfunike mtoto. Kisha nikafanya ninachofanya kila nikiwa na hofu: nilichukua kiko kutoka kwenye kiti, nikakiwasha.

Tabea alisimama katikati ya nyumba. Alikuwa akitazama bakuli la kiko, pale juu ambapo tumbaku inawaka. Uzi wa moshi ulikuwa ukipanda kutoka pale, umenyooka, ukafika darini na kusambaa, ukashuka taratibu juu ya kitanda cha mtoto. Haukupita kwenye kizibo. Haukupita popote. Ulitoka kwenye moto moja kwa moja ukaingia ndani ya nyumba.

Akaniangalia usoni, bila kupitia kwa mtu yeyote. "Baba," akasema, "umechuja moshi wako wewe. Huu wa Kristina nani ameuchuja?"

Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

Nilikitumbukiza kiko kwenye ndoo ya maji kikiwa kinawaka, nikang'oa matambara yale dirishani kwa mikono miwili. Nilifanya kazi ile tangu Novemba, nikapima kila pumzi iliyoingia kinywani mwangu kwa chupa na kwa kitambaa, na sikutazama hata siku moja upande unaowaka. Wala hakuna aliyetazama, si Mika wala Gideoni. Lakini wao hawakujiita mafundi.

Barabarani tulikutana na lori la Yoramu, halikuwa na abiria mbele. Alituingiza chumba cha dereva, sote tumebanana, mtoto kwenye kifua cha mama yake ndani ya shali. Tulipopita mto wa kwanza Yoramu akawasha sigara yake yenye kichwa cheupe. Mkono wangu ulitangulia akili. Nilimnyang'anya mdomoni nikaitupa nje. Akanitazama kwa mshangao, na mimi mwenyewe nilishangaa, maana mtu huyo nimevuta naye miaka. Nilimwambia kwamba kile kichwa kinamsaidia yeye peke yake, sisi tunakula kinachobaki. Akafikiri kidogo, akafungua dirisha lake, na hakuwasha tena mpaka Njombe, ingawa tulikwama matopeni mara kwa mara na alitukana kila mlima kwa jina lake.

Hospitali walimpokea mara moja. Ni kichomi. Wakamchoma sindano ya penisilini, akalia kwa sauti nyembamba sana, na mimi nilifurahia kile kilio kuliko wimbo wowote wa kwaya. Mika alikuja mbio kutoka kwenye miwati, mikono imekuwa myekundu kwa magome. Nilimsimulia yote mwenyewe kabla hajauliza. Safari hii hakutazama dari. Alinishika bega, akaingia kwa mkewe.

Daktari nilimuuliza kama chanzo ni mimi. Alisema kifua cha mtoto ni chepesi, baridi ina lake, mafua yana lake, moshi una lake, na hawezi kugawa sawasawa. Alikuwa mtu mwema. Lakini mimi najua kupima fungu langu.

Jumatatu, 12 Machi

Homa haijashuka. Tabea hali chakula. Nimemletea uji, nikauacha karibu naye nikaondoka, maana sijui kama anataka kuniona.

Jumanne, 13 Machi

Uji ulinywewa. Bakuli lilikuwa nje ya mlango, limeoshwa.

Jumatano, 14 Machi

Kristina amenyonya! Amenyonya, akalala, akaamka akataka tena. Mika alilia wazi mbele ya wauguzi. Nilitoka nikazunguka jengo lote la hospitali kwenye mvua nikimshukuru Mungu kwa Kibena, kwa sababu Kiswahili hakikunitosha.

Ijumaa, 16 Machi

Anapata nafuu kila siku. Leo nimeingiza mkono mfukoni kutafuta tumbaku nikakumbuka kwamba kiko kimo ndani ya ndoo nyumbani. Nimeteseka kidogo. Nimetafuna bua.

Jumanne, 20 Machi

Tumerudi nyumbani na Yoramu. Alikuwa ameondoa sigara zote chumba cha dereva kabla hatujapanda, akasema Kristina ndiye mwenye gari leo. Nyumba ilikuwa wazi, Gideoni ameifagia, madirisha yote ameyaacha wazi na maji ya mvua yameingia mpaka kwenye godoro langu. Nilimshukuru hivyo hivyo.

Alhamisi, 22 Machi

Kiko kimekauka. Kizibo ndani yake kimevimba kwa maji, hakitoki. Nimekiweka juu ya boriti. Sikuapa kitu, maana viapo vyangu vya tumbaku Mungu anavijua.

Jumapili, 1 Aprili

Pasaka. Kwaya imeimba alfajiri makaburini, na sauti yangu ya besi imetoka bila kukwaruza tangu mwanzo mpaka mwisho. Baada ya ibada nilikwenda nyuma ya karakana nikavuta tumbaku ya Gideoni iliyosokotwa kwenye gazeti, mbali na nyumba, upepo ukielekea bondeni. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikabadilisha shati. Kristina hajaletwa kwangu tangu turudi. Hakuna aliyenikataza kumbeba. Ila kila nikikaa karibu, Tabea hukumbuka kazi iliyo upande wa pili, huenda naye. Sina neno la kumlaumu. Nasema tu kwamba mapaja yangu ni matupu.

Jumanne, 3 Aprili

Mvua. Nimemtengenezea Gideoni kiti. Miguu yote ni sawa.

Alhamisi, 5 Aprili

Sijavuta tangu Pasaka. Nimegombana na jogoo, mchungaji na randa. Jogoo ndiye aliyeshinda.

Jumamosi, 7 Aprili

Leo asubuhi Tabea alitakiwa kwenda gulio la Makambako kuuza maharage mabichi kabla hayajaharibika. Mika hakuja wiki hii. Kulikuwa na baridi na manyunyu, na mtoto hakufaa kubebwa nje. Nilimwona akisimama na kapu mlangoni, akimtazama mtoto, akiitazama barabara. Nami nilikuwa nimeketi, sikutaka kujipendekeza. Hatimaye akamleta, akamweka kwenye mikono yangu, akafunga shali vizuri, akatoka bila kusema kitu, si kwangu wala kwa mtoto.

Kristina alilia mpaka mama yake alipopotea kwenye kona ya miwati. Kisha akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mzee huyu. Nilimwambia habari za mbao. Nilimwonyesha dirisha, nikamweleza bawaba. Alipochoka aliweka kichwa kifuani mwangu, akalala hapo hapo, mdomo wazi, akikoroma kidogo.

Mvua ikaongezeka. Hapo ndipo hamu ilinijia, na ilinijia kwa nguvu zote, kwa sababu kukaa hivi, mvua juu ya bati na mtoto kifuani, ndiyo ile picha niliyoitengenezea kizibo miezi yote ile. Kiko kilikuwa juu ya boriti, naliona bakuli lake. Tumbaku ya Gideoni ilikuwa kwenye dirisha la karakana. Ningeweza kumlaza mtoto kitandani, nikatoka, nikavuta, nikanawa, nikarudi. Nani angejua? Nilijadiliana na nafsi yangu kwa hoja nzuri sana, ningekuwa barazani kwa mkuu wa wilaya ningeshinda kesi.

Lakini kila nilipotaka kuinuka aliguna, akazidi kujikunja kwangu. Basi sikuinuka. Mguu ulikufa ganzi, nikauacha. Nilisikiliza pumzi yake. Ilikuwa inaingia na kutoka bila kukwama popote, na nilipoisikiliza muda mrefu nikaona hata mimi napumua kwa kumfuata. Hamu ilikaa nami, ikachoka, ikaenda zake, ikarudi, ikaenda tena.

Tabea alirudi amelowa chapachapa, kapu tupu. Hakuvua hata khanga ya kichwa. Alikuja moja kwa moja akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaweka pua kwenye nywele zake. Akanusa utosi. Akanusa shali. Akageuza kiganja kidogo cha Kristina, akakinusa nacho.

Kisha akainama, akamrudisha kifuani mwangu palepale alipokuwa, akasema, "Mshike, Baba. Mimi nakwenda kupika."